Nisome jiolojia ya uhandisi na mazingira au niende tu civil? Jibu kwa binti wa Kahama

Swali lililokuja ni hili:

"Shikamoo dada. Nimemaliza form six PGM, niko Kahama. Baba anataka nisome civil, mimi nimeipenda hii ya jiolojia ya uhandisi na mazingira ila kila ninayemuuliza ananiambia ni kugonga mawe tu porini na ajira hamna, mama naye anasema migodini si pa mtoto wa kike. Naomba unieleze ukweli, mtu anasomea nini hasa, anafanya kazi gani kwenye ujenzi na kwenye migodi, na nikisoma nitapata kazi?"

Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa kumaliza salama. Swali lako nimelisoma mara mbili maana hapo ulipo na mimi nimepita, mjomba wangu aliniambia maneno hayo hayo ya kugonga mawe na nilienda chuo sijui kama nimekosea au la. Sasa nina miaka 16 kwenye hii kazi, nusu kwenye barabara na mabwawa na nusu migodini, kwa hiyo nakuambia ninachokijua kwa kukifanya. Itakuwa ndefu, vumilia.

Tuanzie hapo hapo kwenu. Ule udongo mweusi wa mbugani unaujua tangu utotoni. Mwezi wa tisa ukipita unakuta umepasuka nyufa, mkono unazama mpaka kwenye kiwiko, umekauka mgumu kama tofali la kuchoma, halafu mvua zikishika unavimba na kunata mpaka kandambili unaiacha hapo hapo. Kilichomo ndani ni aina ya mfinyanzi inaitwa smektaiti, chembe zake ni vibapa vyembamba sana vimelaliana kama karatasi kwenye rimu, maji yakija yanapenya katikati ya vibapa na kuvitanua, yakikauka vinasinyaa tena. Sasa weka nyumba juu ya kitu kinachopanda na kushuka kila mwaka.

Niliwahi kuitwa kuangalia zahanati moja huko kanda ya ziwa, sitaitaja. Ilikuwa na miaka minne tu. Nyufa zinaanzia kwenye kona za madirisha zinashuka ngazi ngazi kufuata maungio ya matofali, mlango wa chumba cha kujifungulia haufungi, wameshaupiga randa mara mbili, na fundi amepiga plasta mara tatu ila kila masika nyufa zinarudi pale pale. Tukachimba shimo pembeni ya msingi, tukakuta umeshuka sentimita 60 tu, na ulichimbwa kiangazi udongo ukiwa mgumu, kwa hiyo kila aliyeupiga sururu alisema hapa pako imara hapana shida. Upande wa nyuma paa halina gata, maji yote ya mvua yanamwagikia hapo, upande wa mbele kuna mkaratusi mkubwa unanyonya maji usiku na mchana, yaani upande mmoja udongo unavimba na upande wa pili unasinyaa na jengo liko katikati linapindwa. Hakuna aliyeiba saruji pale, nondo zilikuwepo na zege lilikuwa zuri kabisa. Kilichokosekana ni mtu wa kusema kabla ya kuchimba kwamba huu udongo unavimba, ama tuutoe tujaze changarawe, ama tushuke chini mpaka pale ambapo unyevu haubadiliki kiangazi na masika, ama tuhamishe jengo mita 200 tu kule kwenye mwinuko wenye granaiti, na maji ya paa yapelekwe mbali. Wakina mama walikuwa wanajifungua kwenye chumba ambacho mlango haufungi, na kipimo cha kuugundua ule udongo kinafanyika maabara kwa siku chache tu. Jambo hilo bado linaniuma.

Huyo mtu wa kusema mapema ndo wewe ukisoma hii kozi.

Baba yako hajakosea kuhusu civil, yaani uhandisi wa ujenzi, ni kozi nzuri sana na mtafanya kazi pamoja kila siku. Tofauti ni kwamba injinia wa civil anashughulika zaidi na vitu vilivyotengenezwa kwa kipimo, akiagiza nondo ya milimita 16 inakuja ya 16. Ardhi hakuiagiza mtu. Imekuja ilivyo, imekaa hapo miaka mamilioni, kwenu huko ni zaidi ya miaka bilioni 2.5 maana mko juu ya ile sehemu kongwe ya bara tunayoiita kratoni ya Tanzania, imepasuka, imekunjwa, imeoza juu, ina maji ndani, na hakuna mtu ameandika pembeni yake ina nguvu kiasi gani. Kazi yako ni kuijua kwa kutoboa matundu machache na kusoma dalili za juu, halafu uwaambie wenye hela na wenye michoro nini kipo chini na nini hukukiona. Hilo la mwisho lishike sana, nitalirudia.

Darasani utaanza na madini na miamba, hapo ndo pa kugonga mawe kweli, huwezi kuruka. Halafu inakuja jiolojia ya miundo yaani mikunjo, nyufa na mipasuko, mekaniki ya udongo, mekaniki ya miamba, maji ya chini ya ardhi, jiofizikia yaani kupima kilichopo chini bila kuchimba, ramani na GIS yaani ramani za kompyuta, na tathmini ya athari kwa mazingira. Hisabati na fizikia zako za PGM zitatumika, usidhani umeziacha sekondari. Na jiografia ya ramani ambayo wengine waliidharau itakubeba sana mkienda field ya kuchora ramani ya miamba, wiki kadhaa mnatembea na dira, nyundo na daftari, unapima mwamba umeelekea wapi na umeinama digrii ngapi, jioni miguu inawaka moto na bado unatakiwa kupaka rangi ramani yako. Mimi hapo ndo niliipenda.

Sasa nikuonyeshe kazi yenyewe kwa karibu, maana watu wakisema "unachunguza miamba" haieleweki.

Mtambo wa kuchoronga unatoa kori, yaani kipande cha mwamba cha duara kama mhogo mrefu, kinapangwa kwenye boksi kwa mpangilio kuanzia juu kwenda chini. Tuseme wachorongaji wamechoronga mita 1.5. Wewe unachukua futi unapima. Kwanza kilichotoka chote kina urefu gani, unapata sentimita 138 kati ya 150, hiyo ni asilimia 92. Halafu unapima vile vipande vizima tu vyenye sentimita 10 na kuendelea, unapata 41, 22, 17 na 13, jumla 93, ukigawa kwa 150 unapata asilimia 62. Namba hiyo inaitwa RQD, ilianzishwa na Don Deere miaka ya 1960 na mpaka leo dunia nzima inaitumia, 62 maana yake mwamba ni wa wastani, umekatika katika lakini si vibaya sana. Unaandika, unapiga picha boksi likiwa limelowa maji ili rangi zionekane, unaendelea na boksi linalofuata.

Ila ngoja. Zile sentimita 12 ambazo hazikutoka ziko wapi?

Nilipoanza kazi sikuuliza hilo swali. Nilikuwa kwenye mgodi mmoja wa shimo la wazi, naandika "kori imepotea" na kusonga mbele, boksi baada ya boksi, kwa sababu kila mtu aliandika hivyo na kulikuwa na presha ya kumaliza matundu. Miezi kadhaa baadaye usiku mmoja ukuta wa upande wa mashariki ulishuka, benchi mbili zima zima, yaani zile ngazi kubwa zinazokatwa kwenye ukuta wa shimo, mawe yakafunika njia ya magari. Ilikuwa saa ya kubadilishana shifti, hakukuwa na mtu chini, kila nikikumbuka namshukuru Mungu. Kesho yake tulipotoa makaratasi ya matundu ndo tukaona, tundu la kwanza kori ilipotea kwenye mita 34, la pili mita 41, la tatu mita 47. Ukiunganisha pointi tatu unapata bapa, hiyo ni jiometri ya kawaida unaijua, na hilo bapa lilikuwa limeinama kuelekea ndani ya shimo. Ulikuwa mkanda wa mfinyanzi mwembamba, laini kama sabuni iliyolowa, na maji ya mtambo wa kuchoronga yaliusafisha wote kabla haujafika juu. Kitu dhaifu kuliko vyote chini pale ndicho ambacho hakikutokea kwenye boksi langu, na mimi niliandika neno moja nikapita.

Tangu siku hiyo kori ikipotea nasimamisha mtambo. Nawauliza wachorongaji, maji yalirudi na rangi gani, fimbo ilishuka ghafla au taratibu, na wale watu wanajua sana, mkono wao kwenye mtambo unahisi kitu ambacho macho yako hayataona. Kaa nao vizuri, kula nao, usijifanye msomi. Nusu ya ninachokijua nimefundishwa na wachorongaji.

Kuna mfano mmoja wa Italia kila mwanafunzi wa fani hii anafundishwa na nataka uujue kabla hujaingia. Bwawa la Vajont, kwenye milima ya kaskazini, ukuta wa zege wa urefu wa mita 262 kwenda juu, wakati huo moja ya kuta ndefu kabisa za mabwawa duniani. Aliyelichora ni injinia Carlo Semenza. Mtoto wake wa kiume Edoardo alikuwa mjiolojia, na ndiye aliyetembea kwenye mlima wa Toc pembeni ya bwawa akagundua kwamba ule mlima upande huo ni poromoko la zamani sana lililokaa juu ya chokaa yenye tabaka za mfinyanzi, na maji ya bwawa yakipanda linaweza kuamka tena. Ikaonekana kweli linatembea kidogo kidogo, Novemba 1960 kipande kikaporomoka na ufa wa karibu kilomita 2 ukafunguka juu ya mlima, wao wakafikiri watalidhibiti kwa kupandisha na kushusha maji. Usiku wa tarehe 9 Oktoba 1963 mita za ujazo kama milioni 270 za mwamba zikaingia bwawani kwa mkupuo mmoja, maji yakaruka juu ya ukuta yakaenda kufagia mji wa Longarone na vijiji jirani, watu karibu 2,000 wakafa. Ukuta wa zege mpaka leo umesimama. Zege halikuwa na kosa lolote.

Kwa hiyo ukiulizwa na baba yako kwa nini usisome civil ukaishia hapo, mpe hiyo habari, na umwambie pia kwamba bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, madaraja na mahandaki ya SGR huko Kilosa, vyote kabla ya zege kumwagwa kulikuwa na watu wamekaa na maboksi ya kori wanapima kwa futi.

Kwenye ujenzi wa kawaida kazi yako nyingi itakuwa ndogo ndogo lakini nzito. Ghorofa Dar, unasimamia matundu, unafanya SPT, kipimo cha kujua ugumu wa udongo chini, nyundo ya kilo 63.5 inaangushwa kutoka sentimita 76 na unahesabu mapigo mangapi yanaizamisha fimbo sentimita 30 za mwisho, hapo usipohesabu mwenyewe wachorongaji wakichoka wanakadiria. Unaangalia maji ya chini yako mita ngapi, na unakumbuka ukipima kiangazi lazima uandike kwamba ni kiangazi maana masika yatapanda. Barabara, unatafuta wapi kuna changarawe na mawe ya kokoto, kokoto za Lugoba zinapendwa Dar kwa sababu mwamba ule umepikwa na kugandamizwa chini sana ya ardhi, ni mgumu, lakini si kila jiwe gumu kwa macho linafaa, mengine yakikaa na saruji yanafanya kemia yao polepole na zege linapasuka baada ya miaka. Tanga na Zanzibar kuna chokaa na matumbawe, na chokaa inayeyushwa na maji, kama umewahi kusikia mapango ya Amboni basi jua mapango kama yale madogo madogo yanaweza kuwa chini ya nguzo ya jengo lako na tundu moja likayakosa.

Migodini sasa. Kwenye shimo la wazi swali kubwa ni ukuta usimame kwa mwinamo gani. Ukiulaza sana unachimba mawe yasiyo na dhahabu mamilioni ya tani na mgodi unapata hasara, ukiusimamisha sana unaua watu, tofauti ya digrii 3 tu ni hela nyingi ajabu, kwa hiyo mjiolojia wa uhandisi mzuri anasikilizwa. Chini ya ardhi kama Bulyanhulu hapo jirani yenu ni suala la dari, nyufa zinakatana vipi, zinatengeneza kabari itakayodondoka, unaweka boliti, yaani vyuma vya kushikilia mwamba, za urefu gani na wavu wapi. Kwa wachimbaji wadogo ni hayo hayo ila badala ya boliti kuna matimba, yaani magogo ya kuegemeza, na mara nyingi hata matimba hayapo. Januari 2024 huko Bariadi mgodi mdogo uliporomoka baada ya mvua kubwa ukaua watu zaidi ya 20. Mvua inaingia kwenye nyufa, maji yanasukuma, mfinyanzi unalainika, hilo ni somo la mwaka wa pili au wa tatu, na waliokuwa mle ndani hakuna aliyewafundisha. Natamani sana vijana wenu mkimaliza muende huko na si kampuni kubwa tu.

Halafu kuna upande wa mazingira, na hapa niseme wazi, watu wengi wanadhani mazingira ni kupanda miti na kuandika ripoti ya NEMC, lile baraza la taifa la mazingira. Kwenye fani yetu mazingira ni kemia ya mawe na njia za maji. Dhahabu nyingi za kanda ya ziwa zimekaa pamoja na pairaiti, lile jiwe la njano linalong'aa ambalo wageni wanalidhania dhahabu. Likiwa chini halina tabu. Likitolewa juu likakutana na hewa na mvua, salfa yake inageuka asidi, maji yanatoka na rangi ya chungwa kama kutu, na asidi hiyo inabeba metali nyingine kutoka kwenye mawe inaziingiza mtoni. Inaweza kuendelea miaka mingi sana baada ya mgodi kufungwa. Kazi yako ni kupima mapema, sampuli kwa sampuli, jiwe hili lina uwezo wa kutoa asidi kiasi gani na lina kiasi gani cha madini ya kuituliza kama yale ya jamii ya chokaa, halafu unapanga lundo la mawe taka, lile baya liwekwe katikati lifunikwe na zuri. Ni kazi ya subira na mara nyingi hakuna anayekupongeza, maana ukiifanya vizuri hakuna kitu kinatokea. Nikeli ya Kabanga kule Ngara nayo ni ya salfaidi, kwa hiyo elimu hii kwenye kanda yenu itahitajika muda mrefu.

Mabwawa ya topesumu pia. Mgodi unasaga mwamba mpaka unakuwa tope, tope linahifadhiwa nyuma ya tuta, na tuta hilo linapandishwa kila mwaka miaka 10 au 20. Tarehe 7 Novemba 2022 ukuta wa bwawa la mabaki la mgodi wa almasi wa Mwadui ulibomoka, tope likatapakaa kwenye makazi na mashamba, huko si mbali na wewe. Brazil, Brumadinho, tarehe 25 Januari 2019 walikufa watu 270. Mtu wa jiolojia ya uhandisi ndiye anayeuliza tuta limekaa juu ya nini, maji ndani ya tuta yamefika kimo gani, yanatoka wapi. Unashinda kwenye tuta unasoma vipimo vya maji kila wiki, ni kazi ya kuchosha na ya upweke, ila ukikuta namba imepanda sentimita 40 bila mvua hutalala na wala hutakiwi kulala mpaka ujue kwa nini.

Shimo la Buzwagi unalijua wewe kuliko mimi. Uzalishaji ulikoma 2021 na sasa eneo limepangiwa viwanda. Mashimo kama yale pampu zikizimwa maji yanarudi yenyewe, linakuwa ziwa. Je, maji hayo yatakuwa ya namna gani baada ya miaka 30, yatafika wapi, kuta zitatulia au zitaendelea kumegeka, nani atakaa karibu? Maswali hayo ya kufunga mgodi yanatakiwa kujibiwa kabla haujafunguliwa, na wanaoyajibu ni watu wenye hii elimu unayoiulizia.

Na si migodi peke yake. Watu wa Arusha na Kilimanjaro wenye meno ya kahawia, ile ni floraidi kutoka kwenye miamba ya volkano, inaingia kwenye maji ya visima, kiwango kinachokubalika ni miligramu 1.5 kwa lita na kuna visima vinazidi mara kadhaa. Hanang, tarehe 3 Desemba 2023, tope na mawe vilitoka mlimani vikashukia Katesh na Gendabi, walikufa zaidi ya watu 80. Mlima ule ni volkano ya zamani, miamba yake ya juu imeoza na kulegea, na mabonde yanayoshuka kutoka kwake ndiyo njia ya tope, yalikuwa njia zamani na yatakuwa tena. Ukijua kusoma sura ya ardhi unayaona, mawe makubwa yaliyozagaa chini ya mlima hayakufika pale kwa kutembea.

Kuhusu mama, mwambie namwelewa. Zamani nilipoanza, kwa wachimbaji wadogo nilizuiwa kusogelea duara, yaani shimo lao la kuchimbia, wakisema mwanamke akikaribia dhahabu inakimbia. Sikubishana nao, nilikaa juu nikaanza kuchora nyufa za ukuta, siku ya tatu mwenye duara akaja mwenyewe kuniuliza ule ufa wa kushoto unaendaje, tukaelewana. Siku hizi kampuni zina mabweni ya wanawake, na wanawake wapo kwenye kori, maabara, mazingira na hata madreva wa yale malori makubwa. Magumu yapo sikufichi, utakaa mbali na nyumbani kwa wiki kadhaa, kwenye saiti ndogo za barabara unaweza kukosa choo cha maana, na utakutana na bosi anayekuona mtoto, na kuna wengine wabaya zaidi ya hapo, hao unawaripoti na hujiulizi mara mbili. Lakini udhaifu wa mwili haujawahi kuwa tatizo kwenye kazi hii, kinachotakiwa ni macho, uvumilivu na kutokubali kusaini usichokiona. Hapo mama yako bila shaka ameshakulea vya kutosha.

Ajira. Ukweli ni kwamba utafiti wa madini unapanda na kushuka kufuata bei ya dunia, dhahabu ikishuka wajiolojia wa utafiti ndo wa kwanza kurudishwa nyumbani, hilo nimeliona kwa macho, wenzangu wazuri kunizidi wamekaa mwaka mzima bila kazi. Faida ya upande huu wa uhandisi na mazingira ni kwamba hauna mguu mmoja. Madini yakilala kuna barabara na maabara za vifaa vya ujenzi, kuna visima, RUWASA wale wa maji vijijini na watu wa mabonde ya maji, kuna konsaltanti wanaofanya tathmini za mazingira, kuna wenye leseni ndogo za uchimbaji wanaotakiwa kuwa na mpango wa kutunza mazingira na hawajui pa kuanzia. Mwanzo mshahara utakuwa mdogo na pengine utaanza kwa kujitolea, nikisema tofauti nitakudanganya. Anayetoka haraka ni yule anayejua kuandika ripoti inayoeleweka, maana wengi wanajua miamba ila wakiandika huelewi wanasema nini, na anayejua programu. QGIS, programu ya kutengeneza ramani, ni ya bure, anza hata sasa kwenye laptop ya kuazima.

Kabla hujaomba fungua kile kitabu cha TCU, tume ya vyuo vikuu, uangalie sifa za mwaka huu, usitegemee maneno ya mtaani, wala yangu, zinabadilika. UDSM na UDOM wote wana idara za sayansi za ardhi, na kama ufaulu hautoshi digrii sasa hivi basi Chuo cha Madini pale Dodoma kina diploma, na mafundi sanifu wengi waliopitia pale nawaamini kwenye saiti kuliko baadhi ya wenye digrii. Halafu wapigie idara waulize swali moja ambalo wanafunzi wengi wanaliuliza wakiwa wameshamaliza, digrii hii inatambuliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi au haitambuliwi, na kama haitambuliwi wahitimu wake wanasajiliwa wapi. Majina ya kozi yanafanana sana, moja ni sayansi nyingine ni uhandisi, na tofauti utaiona siku ya kusaini ripoti. Ukikuta moyo wako uko nusu kwa nusu na baba amekaza, kuna njia ya kusoma civil kwanza halafu masters ya jiotekniki, yaani uhandisi wa udongo na miamba, si njia mbaya, ila utakuwa umechelewa kwenye kuyasoma mawe na hilo jicho linajengwa kwa miaka.

Mwisho kuna kitu nataka ukifanye wiki hii kabla mvua hazijaanza. Omba ruhusa nyumbani, chimba shimo la mita 1 na nusu nyuma ya nyumba, pana vya kutosha, usiingie peke yako na usilipeleke chini zaidi ya hapo. Chora ukuta wake kwenye daftari, rangi inabadilika wapi, mizizi inaishia wapi, unyevu unaanzia sentimita ngapi, kuna vijiwe vya chokaa vyeupe au hakuna. Chukua kibonge cha kila tabaka ukiweke kwenye glasi ya maji uangalie kinavimba, kinayeyuka au kinabaki, na uandike baada ya dakika ngapi. Pale ambapo hukuona vizuri andika hukuona. Piga picha halafu lifukie, watoto na mbuzi wasije wakatumbukia. Nitumie hiyo kurasa, nitaisoma na nitakujibu.